Ndoo Nyekundu Kwenye Foleni ya Malori

Gerson alisimulia huku anacheka, na kicheko chenyewe ndicho kilichomtia Loisi hofu.

"Nimeshtuka tairi zinakwangua changarawe," alisema. Alikuwa ameinama kwenye ndoo nyuma ya chumba chao cha kupanga pale Kibaigwa, anajimwagia maji kichwani kwa kopo. "Nikasema, he! Kumbe nimelala. Natazama mbele, punda na mkokoteni wake. Katulia tuli, ananiangalia kama anasubiri mgeni aamke."

"Ukafanyaje?"

"Nikavuta usukani, nikampita. Punda hata sikio hakutikisa!"

Akacheka tena, akajifuta uso kwa fulana, na Loisi akayaona macho yake. Yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyeshinda anapuliza kuni mbichi. Erica, binti yao ambaye meno yake ya kwanza ndiyo yalikuwa yanachungulia, alikuwa mgongoni kwa mama yake anatafuna pindo la mbeleko. Loisi alimpapasa mguu.

"Ilikuwa wapi?"

"Kwenye kona za Gairo."

"Na leo jioni unapita hapo hapo."

"Ndiyo njia, Mama Erica. Dar haina mlango wa nyuma."

Kazi ya Gerson ilikuwa hiyo: kupeleka saruji Dodoma, kurudi na lori tupu mpaka soko la mahindi la Kibaigwa, kupanga foleni, kupakia, kisha kuteremka na mzigo hadi Dar es Salaam. Usiku anaendesha, mchana anapanga foleni. Usingizi haukupewa nafasi yake popote. Na tajiri, mwenye lori, alikwisha kumwambia kwamba mzigo ukichelewa tena atamtafutia usukani huo mtu mwingine. Madereva wasio na kazi wapo tele, alisema, kama pumba sokoni.

"Leo unalala," alisema Loisi.

"Nilale wapi?"

Swali lilikuwa la haki. Nyumbani hakuweza. Mara ya mwisho alikuja kujinyoosha kitandani kidogo tu, foleni ikasogea, lori lake likakutwa halina dereva, likarukwa. Akapakia kesho yake na kutukanwa kwenye simu mpaka Erica akaamka. Uvunguni mwa tela, kwenye mkeka, ndiko madereva wengi walikokuwa wanalala zamani, lakini msimu uliopita lori moja lilijongea huku mtu yuko chini. Aliponea chupuchupu, na tangu siku hiyo uongozi wa soko ulipiga marufuku. Ikabaki kabini, yenye kitanda chembamba nyuma ya viti. Na mwezi wa kumi, Kibaigwa, kwenye uwanja usio na mti zaidi ya mwarobaini mmoja uliojaa bodaboda, kabini ya lori si mahali pa kumlaza hata mbuzi. Kiyoyozi kilikufa kabla Gerson hajakabidhiwa lori hilo. Na hata kama kingekuwepo, tajiri hakutaka kusikia injini inanguruma wakati gari limesimama.

"Utalala ndani ya gari," alisema Loisi. "Nitakuja mwenyewe."

"Kufanya nini?"

"Nitakuja tu."

Alifunga chumba, akachukua dumu lake la maji alilolishonea gunia la katani kulizunguka, akachukua kanga mbili, blanketi la mtoto na ndoo nyekundu ya kumwogeshea Erica, ikiwa na nepi ndani. Siku za kawaida alikuwa sokoni hapo hapo, akipepeta mahindi pamoja na wanawake wengine, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kumwona. Walichoshangaa ni kumwona anapanda lori.

Alipofungua mlango, joto lilimpiga usoni kama la tanuri. Usukani haukushikika. Viti vilinuka plastiki iliyopata moto. Malori yote yalikuwa yamepangwa yakielekeza vichwa magharibi, kwenye banda la kupakilia, moja nyuma ya jingine, na kioo kipana cha mbele cha kila lori kilikuwa kinasubiri jua la mchana lije limwagike ndani lote.

Loisi alifikiri kidogo, akamkumbuka bibi yake aliyemlea kule vijijini upande wa Mtera. Bibi aliishi kwenye tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa la udongo. Jua likianza kuchoma, bibi alikuwa anafunga mlango na kuziba kidirisha kwa ngozi, na ndani mnakuwa giza, na katika giza lile mnakaa kwenye ubaridi mpaka jioni. Basi Loisi akafanya vivyo hivyo. Akapandisha vioo vyote. Akatundika kanga ndani ya kioo cha mbele, blanketi dirisha hili, koti la Gerson dirisha lile. Kabini ikawa giza totoro.

"Ingia," alimwambia mumewe. "Ndani mmekuwa kama tembeni."

Gerson aliingia. Alikuwa mtu wa kumsikiliza mkewe, na isitoshe alikuwa amechoka mno kubishana. Mlango ukafungwa. Loisi akakaa kwenye ngazi, mtoto mapajani, akitabasamu peke yake.

Hazikupita dakika nyingi, mlango ukafunguka kwa kishindo. Gerson alitoka kifua wazi, jasho linamchuruzika mpaka kwenye ndala, anahema kama mtu aliyefukuzwa na nyuki.

Kwenye lori la nyuma yao kulikuwa na dereva mmoja aitwaye Mohamedi, mtu mzima mwenye mvi kwenye ndevu na mdomo usiochoka. Alikuwa amekaa kwenye kivuli chembamba cha tairi anakunywa kahawa. Alimtazama Gerson kuanzia utosini mpaka chini.

"Shemeji," alimwambia Loisi, "mwenzetu ameiva? Au umrudishe ndani kidogo upande wa pili?"

Madereva wakaangua kicheko. Loisi alicheka nao kwa adabu, lakini uso ulimwaka. Alimpa Gerson maji ya kwenye dumu, akaona jinsi anavyoyanywa kwa pupa kisha anasimama na kulitazama lile dumu.

"Mbona ya baridi?"

"Gunia limelowa. Upepo unalipuliza."

Alijibu bila kufikiri, jibu ambalo mtoto yeyote wa Ugogo angelitoa. Ndipo akalisikia jibu lake mwenyewe. Akaligusa gunia, lilikuwa bichi na baridi, na jua lilikuwa kali pale pale kando yake. Akainua macho akatazama paa la kabini, bati tupu, rangi inakaribia kutoka malengelenge. Tembe la bibi halikuwa na bati. Juu yake kulikuwa na miti, juu ya miti nyasi, juu ya nyasi udongo unene wa mkono. Giza halikuwa na kazi yoyote. Kazi yote ilikuwa inafanywa na paa. Yeye alichukua giza, akaacha tembe.

Aliinuka akalizunguka lori lote polepole, Erica mgongoni. Nyuma ya kabini tela lilipanda juu, refu kuliko kabini yenyewe, ukuta wa bati usio na mtu ndani. Jua lilikuwa limeanza kuvuka utosi. Baada ya muda si mrefu litalalia magharibi, na kivuli cha tela hilo kubwa kitaanguka mashariki, kimwangukie nani? Kiangukie mavumbi. Na upepo ulikuwa unavuma kutoka kusini, ule upepo mkavu wa kiangazi unaoparamia kila kitu na kukichafua.

Alirudi kwa mumewe.

"Baba Erica, geuza gari."

"Nigeuze?"

"Litazame mashariki. Tela likinge jua, kichwa kikae kivulini. Halafu mengine niachie mimi."

Gerson alishika kiuno. "Loisi. Wewe umekaa soko hili miaka. Hujui maana ya kugeuza?"

Alijua. Kila mtu alijua. Pale Kibaigwa dereva akigeuza kichwa cha lori, amejitoa kwenye foleni. Labda amepata mzigo kwingine, labda amegombana na dalali, labda amekata tamaa, haiulizwi. Lori linalotazama banda linangoja. Lori lililolipa banda mgongo limekwenda zake, hata kama magurudumu hayajazunguka, na lililo nyuma yake linasogea mbele kwa haki yake. Desturi hiyo haikuandikwa popote, lakini kwa ajili yake watu walikwisha kuvuana mashati.

"Basi nitaenda kuomba," alisema Loisi.

"Kwa Bi Zuleha? Huyo haombwi."

Bi Zuleha ndiye aliyesimamia foleni. Mama mnene, mwenye ushungi wa bluu na sauti inayofika barabarani, alikuwa anakaa kwenye kigoda mlangoni mwa banda, na mpangilio wote wa malori alikuwa nao kichwani. Wanaume waliomzidi kimo mara mbili walikuwa wanamwita mama na kuvua kofia.

"Shikamoo, Bi Zuleha."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto mzima? Mpishi wewe! Nimesikia."

Habari zilikuwa zimefika kabla yake. Loisi akaeleza shida yake moja kwa moja: mumewe hajalala, kabini inaunguza, anaomba ageuze lori bila kupoteza nafasi.

"Haiwezekani," alisema Bi Zuleha, wala hakukunja uso. "Nikimruhusu mmoja, kesho wote wamegeuka, nitajua nani anangoja na nani anaondoka? Foleni itakuwa ya wendawazimu."

"Nitaweka alama kwenye nafasi yake."

"Alama gani?"

"Ndoo."

Bi Zuleha alimtazama kama aliyesikia mtoto mdogo anatukana. "Ndoo! Hapa bombani?"

"Foleni ni foleni, mama. Bombani ndoo inamngojea mwenyewe. Unaweka ndoo unakwenda kupika, na aliye nyuma yako anaisogeza kwa mguu. Hakuna anayesema umejitoa." Loisi alishusha sauti, siyo kwa woga, bali kwa sababu watu walikuwa wanasogea kusikiliza. "Kwa mfano ndoo zako wewe, Bi Zuleha. Unaziweka alfajiri unakuja huku sokoni. Jioni unazikuta zimejaa."

"Ndiyo. Wanangu pale bombani wananisaidia."

"Anayepanga nyuma yako siku zote ni mimi."

Bi Zuleha aliurekebisha ushungi ambao haukuwa na tatizo lolote. Vibarua wa kupakia, waliokuwa wamesimama na magunia mabegani ili wasipitwe na neno, walitazamana.

"Una mdomo wewe," alisema hatimaye. "Haya. Mimi kwangu ndoo iwekwe. Lakini bombani ndoo inasogezwa na nani? Na aliye nyuma. Mimi sitanyanyuka hapa kusukuma ndoo ya mtu. Kama aliye nyuma yenu atakubali, hewala. Akikataa, mumeo amejitoa."

Aliye nyuma yao alikuwa Mohamedi.

Loisi alirudi akiwa na ndoo nyekundu mkononi, na nepi amezihamishia kwenye kanga. Alipomweleza Mohamedi, mzee alicheka mpaka kahawa ikammwagikia suruali.

"Mimi? Na mvi hizi? Nisimame katikati ya Kibaigwa nasukuma ndoo ya mtoto kwa mguu? Shemeji, nina watoto wanaosoma pale Dodoma mjini, unataka waache shule kwa aibu?"

"Ni kuisogeza tu, shemeji. Foleni ikienda, na yenyewe iende."

"Na kwa nini? Sisi wote hapa hatujalala! Mimi hujui nililala lini mara ya mwisho. Udereva ndio huo. Mwenzio mwenyewe hajasema amechoka. Eti, Gerson? Umechoka?"

"Mimi niko sawa," alisema Gerson upesi.

Hapo ndipo Loisi alipoelewa kwamba angeshindwa. Palikuwa na neno moja ambalo madereva hawakulitamka. Walisema nimechoka mgongo, macho yanauma, barabara imenisumbua. Lakini dereva hakusema mbele ya wenzake kwamba alilala kwenye usukani. Ukilisema, limekwisha kumfikia tajiri. Gerson alikuwa amemwambia yeye tu, akiwa anacheka, nyuma ya nyumba. Loisi alimtazama mumewe, akaona anamwomba kwa macho. Alimpenda. Alimpenda mno kiasi cha kutoweza kumtii.

"Alisinzia kwenye usukani," alisema kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Kwenye kona za Gairo. Alizinduliwa na changarawe, na mbele yake kulikuwa na punda. Leo jioni anapita pale tena akiwa na mzigo. Ndiyo sababu naomba."

Kicheko chote kilikatika. Mtu mmoja aliangalia simu yake. Gerson aligeuka taratibu, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Umenivua nguo mbele za watu."

"Bora uwe uchi hapa, Baba Erica, kuliko kuvikwa sanda Gairo."

Erica alichagua wakati huo kulia. Loisi alimshusha, akamweka begani, akambembeleza kwa kumpigapiga mgongo, huku macho yake hayatoki kwa Mohamedi.

Mzee aliweka kikombe chini. Akavua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena.

"Kona ipi?" aliuliza.

"Ile yenye mawe makubwa mkono wa kushoto," alijibu Gerson bila kumwangalia.

"Pale pale." Mohamedi alitikisa kichwa. "Wewe una bahati, umepewa punda. Mimi pale nilifumbua macho nikakuta harusi. Harusi nzima, bwana, na tarumbeta! Nilisikia tarumbeta nikadhani malaika wamekuja kunichukua."

Hakuna aliyejua kama inafaa kucheka. Kisha Gerson mwenyewe alipasuka, kicheko cha kweli sasa, akajishika magoti, na wengine wote wakafuata.

"Geuza gari lako," alisema Mohamedi. "Lete hiyo ndoo. Lakini nikipigwa picha, shemeji, utanitambua."

Gerson aligeuza. Lori lilipiga kona kubwa uwanjani, vumbi likatimka, likaja kusimama kando ya nafasi yake ya zamani, kichwa kinatazama mashariki na tela limelipa jua mgongo. Katika nafasi iliyoachwa, Loisi aliweka ndoo nyekundu na ndani yake jiwe, upepo usije ukaipeperusha. Baina ya malori makubwa ilionekana ndogo kama kofia iliyosahauliwa.

Kisha akajenga tembe lake. Nyuma ya mashine ya kupukuchua kulikuwa na lundo la magunzi, na Loisi alijua gunia la magunzi ni jepesi na limejaa hewa tupu. Aliyajaza kwenye magunia makuukuu, vibarua wawili wakamrushia Gerson juu, naye akayapanga kwenye paa la kabini mpaka bati halikuonekana, wakayafunika kwa turubai na kukaza kamba. Ile kanga ya kioo cha mbele aliitoa ndani akaifunga nje, ili jua lizuiliwe kabla halijapita kioo. Vioo vya madirisha akavishusha vyote. Kwenye dirisha la kusini, lile la upande wa dereva ambako upepo ulikuwa unapiga, akatundika gunia la katani lililoloweshwa chapachapa, na dirisha la upande wa pili akaliacha wazi, upepo upate pa kutokea.

Aliingia kwanza yeye na Erica, akakaa akingoja. Mwanzoni alisikia joto lile lile la zamani limeng'ang'ania viti. Halafu upepo ukaja, ukapita kwenye gunia, ukaingia ukinukia katani na maji, kama mvua ya kwanza inaponyesha mbali. Erica aliacha kulalamika, akafumba macho nusu, akanyoosha kidole kuelekea kwenye gunia.

"Baba Erica," Loisi aliita taratibu. "Njoo."

Gerson alipanda akiwa bado amenuna kidogo. Alijilaza. Akataka kusema kitu, pengine kuhusu lile jambo la kuvuliwa nguo, akasema, "Lakini wewe…" na hapo hapo usingizi ukamchukua, mdomo ukiwa haujafungwa sawasawa.

Loisi alishuka kama mwizi. Akakaa kwenye ngazi, kivulini mwa tela, akamnyonyesha mtoto, na kila gunia lilipoanza kukauka pembeni alinyanyuka na kulimwagia maji kwa kopo. Dumu lilikuwa linapungua. Maji ya Kibaigwa si ya kumwaga, na moyo ulimuuma kila alipoyamimina, lakini aliyamimina. Mchana ukiwa umepamba moto, dereva mmoja aliyekuwa anapita kwenda kula alisimama, akamwaga kwenye gunia maji yaliyobaki kwenye chupa yake, akaenda zake bila kusema neno. Baadaye akaja mwingine.

Foleni ilisogea. Loisi alisikia injini ya mbele inawaka. Aliposimama kutazama, Mohamedi alikuwa ameshuka kwenye lori lake na anaisukuma ndoo kwa ncha ya kiatu, mikono nyuma, uso ameuelekeza pembeni kama mtu anayetembea tu akifikiria mambo yake.

Ilipotimu alasiri, jua likiwa limeegemea tela kisawasawa, likaja lori jipya jeupe. Dereva wake alikuwa kijana mgeni, miwani ya jua, muziki juu. Aliiona nafasi tupu kati ya malori, akaingiza pua. Alipoiona ndoo akapiga honi.

Honi ile ilipita uwanja mzima. Loisi aliruka kutoka kwenye ngazi, Erica mgongoni, akakimbia akasimama mbele ya lori, kando ya ndoo yake, mikono ameitandaza.

"Mama, toa chombo chako!" kijana alipaza sauti dirishani. "Hapa ni foleni ya malori!"

"Na hii ndoo ni lori! Usipige honi, tafadhali, kuna mtu amelala."

"Ndoo inapakia mahindi siku hizi?"

Mkono wake ulikwenda tena kwenye honi. Kabla haujafika, mlango wake ulikuwa umegongwa. Mohamedi alikuwa chini, na nyuma yake madereva wengine, na nyuma yao vibarua wameegemea magunia yao.

"Kijana," alisema Mohamedi kwa upole, "mkia wa foleni uko kule barabarani, unauona? Hiyo ndoo ni ya dereva. Iko mbele yangu, na mimi niko nyuma ya ndoo tangu mchana, na sijalalamika. Wewe umekuja sasa hivi unalalamika?"

Kule bandani, Bi Zuleha hakunyanyuka kwenye kigoda chake. Hakuwa na haja.

"Wewe mwenye miwani!" sauti yake ikafika. "Rudisha nyuma! Na muziki zima!"

Kijana alitazama ndoo, akatazama watu, akatazama ndoo tena. Akazima muziki. Lori jeupe likarudi nyuma taratibu, likienda kutafuta mkia wa foleni. Loisi alirudi mbio kwenye kabini, akachungulia juu ya gunia. Gerson alikuwa amegeukia ukutani, mkono mmoja unaning'inia kitandani, anakoroma kwa raha zake zote.

Zamu yake ilipofika, ndoo ilikuwa imefika mlangoni kabisa mwa banda, miguuni kwa Bi Zuleha. Loisi ndiye aliyemwamsha. Alimgusa bega, na Gerson akafumbua macho yaliyokuwa meupe, macho aliyomwoa nayo, shavuni amechapwa alama za shuka. Alitazama gunia, akatazama dari, akamtazama mkewe.

"Nimelala kama mtoto," alisema. Kisha akaongeza, "Sijafurahi ulivyosema mbele za watu."

"Najua."

"Lakini nimelala."

"Najua hilo pia," alisema Loisi, akampa uji.

Walipakia wakamaliza jua likiwa bado juu ya vilima. Gerson alikagua kamba za tela, akajifunga mkanda, akawasha. Magunia yake ya magunzi alikuwa ameyahamishia juu ya mzigo, apate kuyatumia mbele ya safari. Alipokwisha kuwasha, akashuka tena, akaenda bandani, akachukua ndoo nyekundu na kuifunga nyuma ya kabini kwa mpira.

"Hiyo ya mtoto!" alilalamika Loisi.

"Kule Dar tunapanga foleni ya kushusha. Juani."

"Na watakukubalia?"

"Nitawaeleza ya bombani," alisema Gerson. Akasita. "Na ya Gairo nitawaeleza."

Usingizi ukija njiani, alimwahidi, atapaki. Loisi alimwambia aape kwa jina la mtoto, naye akaapa, mkono kwenye utosi wa Erica.

Jioni ile mtoto alioga kwenye sufuria ya ugali, akiipiga kwa viganja kama ngoma. Na asubuhi iliyofuata, Loisi akiwa bombani na ndoo za Bi Zuleha ziko mbele yake, simu ililia.

"Nimeshafika," alisema Gerson, sauti yake kavu na changamfu. "Kona zote nimezihesabu kwa macho yangu mwenyewe. Sasa niko kwenye foleni. Nimeloweka gunia, lakini hapa hewa ni nzito, ya unyevu, gunia halipozi kama huko. Magunzi ndiyo yanasaidia."

"Umegeuza?"

"Nimegeuza. Wamenicheka sana."

"Na ndoo?"

Loisi alisikia injini ikiwaka mahali karibu na mumewe, halafu mtu anacheka, halafu mkwaruzo wa plastiki kwenye zege.

"Inasogea," alisema Gerson.

Loisi alikata simu. Foleni ya bombani ilikuwa imesonga, naye akainua mguu, akazisukuma ndoo za Bi Zuleha mbele, moja baada ya nyingine.